Butembo–Beni: Kabla ya kununua lori, jiulize litavuta nini na sheferi atalala wapi

Katika miji ya Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini, kununua lori ni jambo la jamaa nzima. Pesa hutoka kwenye parseli iliyouzwa, likelemba ya miaka kadhaa, mkopo wa coopec au mavuno ya kakao na kahawa. Lori hilo likishindwa kupanda mlima na mzigo, au likilala siku nne kwenye tope, deni halilali pamoja nalo.

Ndiyo sababu wale waliozoea biashara ya usafirishaji hawaanzi na bei. Wanaanza na maswali mawili: gari litabeba na kuvuta uzito gani, na sheferi pamoja na konvuayeri wake watalala wapi njiani?

Ulaya na Marekani, watu wanaopenda mashindano ya magari hujiuliza maswali hayo hayo wanapochagua nyumba ya magurudumu, ya kuvuta gari la mashindano na kulala karibu na uwanja. Kenya nayo, tangu Safari Rally iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, mashabiki hupiga kambi Naivasha. Huko ni starehe ya siku chache. Kati ya Kasindi, Beni na Butembo, gari ambalo pia ni nyumba ni kazi ya kila juma.

Njia moja, mizigo mingi

Waasi wa M23 waliteka Bunagana Juni 2022, Kanyabayonga Juni 2024, kisha Goma Januari 2025. Barabara ya taifa namba 2, inayounganisha Goma na Butembo, ikapoteza kazi yake ya zamani. Kwa wafanyabiashara wa Butembo na Beni, mlango mkubwa ukabaki Kasindi, mpakani na Uganda. Saruji, mazutu, vyakula na bidhaa za dukani hupitia huko, nyingine zikitoka bandari ya Mombasa, umbali wa zaidi ya kilometa 1,500.

Kutoka Kasindi hadi Beni ni karibu kilometa 80, na kutoka Beni hadi Butembo ni 54. Uganda ilianza kazi ya kutengeneza njia hizo Desemba 2021, kwa makubaliano na serikali ya Kongo. Lakini lori la Butembo haliishii kwenye barabara hiyo tu. Linakwenda Lubero kutafuta viazi na maharagwe, au linafuata barabara ya taifa namba 4 kuelekea Komanda na Mambasa kutafuta mbao. Huko mvua ndiyo inayopanga siku ya kufika.

Soma karte rozi kabla ya kusikia sifa

Muuzaji atasifu injini, lakini uzito unaoruhusiwa umeandikwa kwenye karte rozi au kwenye kibati cha kiwanda. PTAC ni uzito wa juu kabisa wa lori lenyewe pamoja na mzigo wake. PTRA ni uzito wa juu wa lori na rimoki yake, vyote vikiwa vimepakiwa.

Chukua mfano wa lori ambalo likiwa tupu lina tani 4, PTAC yake ni tani 10 na PTRA ni tani 13. Linaweza kubeba tani 6. Likijazwa hivyo, rimoki na mzigo wake visizidi tani 3. Anayefunga rimoki ya tani 6 kwa sababu «injini ina nguvu» anasahau kwamba kuvuta si shida peke yake. Shida kubwa ni kusimamisha.

Kwa lori linaloingia Uganda na Kenya, kuna mizani pia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari la ekseli 7. Magari yenye ekseli chache yana vikomo vya chini zaidi.

Mlima hula nguvu

Kasindi iko chini, karibu na mita 1,000 juu ya bahari. Butembo inapita mita 1,700. Injini ya mazutu isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kila mita 100 za kupanda, kwa kuwa hewa inapungua. Hivyo injini ya nguvu za farasi 100 hufika Butembo ikiwa na zisizozidi 85. Turbo hupunguza hasara hiyo, na kwa njia hii si anasa.

Wakati wa kushuka, hatari inageuka. Sheferi anayekanyaga freni kuanzia juu hadi chini huzipasha moto mpaka zinaacha kushika. Anayechagua lori aulize kama freni ya injini inafanya kazi, na ajaribu mwenyewe mlimani akiwa na mzigo. Kujaribu gari tupu kwenye barabara tambarare hakuonyeshi kitu. Rimoki nayo iwe na freni zake.

Kuvuta gari lililokufa

Kila sheferi wa njia hii siku moja atavuta mwenzake au atavutwa. Kamba na mnyororo vinafaa kwa kutoa gari kwenye tope, mahali tambarare. Kwenye mteremko, gari la nyuma litamgonga wa mbele. Hapo inatakiwa baa ya chuma, iliyofungwa kwenye ndoana za shasi na si kwenye bampa.

Malori mengi makubwa yana freni za hewa. Injini ikizimika na hewa kuisha, springi hufunga magurudumu ya nyuma. Kulivuta kwa nguvu hivyo hivyo ni kuunguza mapine na kuvunja ekseli. Fundi lazima kwanza afungue freni hizo, na tangu hapo gari lililovutwa halina freni kabisa. Usukani pia unakuwa mzito bila injini.

Kulala si jambo dogo

Lori dogo kama Fuso kwa kawaida huwa na kabini fupi: watu wawili hulala wameketi. Malori makubwa yanayovuta rimoki ndefu, kama Actros au Howo, mara nyingi yana kitanda nyuma ya viti. Mnunuzi anayetafuta njia ya Mambasa asihesabu kitanda kama pambo. Sheferi ambaye hakulala usiku mbili ni hatari kwa mzigo, na kwa watu wa barabarani.

Katika baridi ya Lubero wengine huingiza babula ndani ya kabini na kufunga vioo. Moshi wa makaa una sumu isiyonusa, na aliyelala hasikii anapokufa. Blanketi nzito ni bei ndogo kuliko jeneza.

Tena kuna usalama. Tangu 2014 wakaaji wa eneo la Beni wameuawa kwa wingi katika mashambulizi ya ADF, na magari hayakusazwa. Tarehe 1 Septemba 2021, msafara uliosindikizwa na wanajeshi ulishambuliwa Ofay, kwenye njia ya Komanda na Luna. Magari yalichomwa, watu wakatekwa. Kwa hiyo, pahali pa kulala huchaguliwa kabla ya kuondoka: katikati ya kijiji, karibu na magari mengine, kamwe si porini peke yako. Lori linaloharibika kila safari linamnyima sheferi uchaguzi huo, kwa kuwa msafara haumngojei.

Usukani na piesi

Uganda na Kenya hupita kushoto, Kongo kulia. Malori mengi ya mitumba kutoka Japani yana usukani wa kulia. Kongo, sheferi wake hukaa upande wa mtaro na haoni vizuri anapotaka kupita gari lingine. Konvuayeri wa kushoto anakuwa macho yake, na inafaa awe mtu mzima aliyefundishwa.

Mwisho ni piesi. Gari zuri ambalo piesi zake hazipatikani Butembo, Beni wala Kasese litalala garajini kwa majuma. Kabla ya kulipa, mnunuzi azunguke maduka na kuuliza bei ya klachi, ya freni na ya springi za lori lile analolitamani. Kisha amlete fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji, alale chini ya gari na kutazama shasi. Shasi iliyokatwa na kuungwa kwa kulehemu haifai kuvuta rimoki, hata kama rangi inang'aa.