Athens ya Georgia: Mji Uliozaliwa Chuoni

Athens, mji wa jimbo la Georgia kusini mwa Marekani, ulianzishwa kwa ajili ya chuo. Tarehe 27 Januari 1785 bunge la Georgia lilitoa hati ya kuunda chuo kikuu cha umma, wakati ambapo hapakuwa na jengo, mwalimu wala mwanafunzi hata mmoja. Hati hiyo ilikaa miaka 16 ikiwa karatasi tu. Mwaka 1801 mwanasiasa John Milledge alinunua ekari 633 kwenye kilima kilicho juu ya Mto Oconee, akazitoa zawadi kwa chuo, na mahali hapo pakapewa jina la mji wa Plato huko Ugiriki. Palikuwa msitu wa mpakani, jirani na nchi za Wacherokee na Wacreek. Josiah Meigs, aliyeletwa kutoka Yale, alianza kufundisha mwaka huohuo, na jengo la kwanza la kudumu, lililoigwa kutoka Yale, likakamilika mwaka 1806. Mwaka huo Athens ikapata hadhi ya mji. Watu wa Georgia hujivunia kwamba chuo chao ndicho cha kwanza nchini kupewa hati na jimbo. Wa North Carolina hujibu kwamba chao ndicho cha umma kilichotangulia kufungua milango. Ubishi huo ni wa miaka mingi na hauna dalili ya kwisha.

Sehemu ya ekari za Milledge ilikatwa viwanja, vikauzwa ili chuo kipate fedha. Mpaka kati ya mji na chuo ukawa mtaa mmoja, Broad Street: upande wa kaskazini maduka, upande wa kusini nyasi, miti mikubwa ya mialoni na majengo ya matofali. Hapo kwenye mpaka limesimama Tao, lango la chuma lenye nguzo tatu lililowekwa katika miaka ya 1850 kwa mfano wa nembo ya jimbo. Nguzo hizo husomwa kuwa hekima, haki na kiasi. Mwiko wake ni mmoja, na kila mgeni hufundishwa siku anapofika: mwanafunzi ambaye hajahitimu hapiti chini ya Tao. Akipita, wanasema, hatamaliza masomo. Desturi hii ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, na ushahidi wake unaonekana kwa macho. Ngazi za mawe zilizo katikati, chini ya Tao, zingali na kingo zake, ilhali pembeni, wanakopita wanaochelea kuvunja mwiko, jiwe limelika na kubonyea.

Mwiko huo ulihusu wale walioruhusiwa kufika langoni. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, takriban nusu ya watu wa wilaya ya Clarke, ambamo Athens imo, walikuwa watumwa. Chuo kiliwakodi kutoka kwa mabwana zao ili wapasue kuni, wachote maji na kusafisha vyumba vya vijana matajiri. Viwanda vya nguo vya kando ya mto vilisokota pamba iliyolimwa na watumwa, na reli iliyofika mwaka 1841 ilibeba pamba hiyohiyo. Mwaka 2015 mafundi waliokuwa wakipanua jengo la Baldwin la chuo waligonga makaburi ya karne ya 19. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa mabaki mengi yaliyoweza kupimwa ni ya watu wenye asili ya Afrika. Yalizikwa upya mwaka 2017 katika makaburi ya Oconee Hill, na wazee wa jamii ya Weusi walilalamika, kwa haki kabisa, kwamba hawakushirikishwa ipasavyo katika kuwazika watu wao.

Baada ya utumwa, jamii hiyo ilijenga mji wake ndani ya mji. Mwaka 1868 Alfred Richardson na Madison Davis, waliozaliwa utumwani, walichaguliwa kuiwakilisha Clarke katika bunge la jimbo. Shule ya Knox ilianza kusomesha watoto wa walioachwa huru. Mwaka 1910 mfanyabiashara Monroe Morton alikamilisha jengo la ghorofa nne lenye ukumbi wa maonyesho na ofisi za madaktari na wafamasia Weusi. Njia panda lilipo jengo hilo iliitwa Hot Corner, na ndiyo iliyokuwa baraza ya watu: kinyozi, mgahawa, habari za misiba na harusi. Ukumbi wa Morton bado unafanya kazi.

Chuo kiliwafungulia mlango wanawake rasmi mwaka 1918. Weusi walisubiri hadi 1961, na haikuwa kwa hiari ya chuo. Jaji William Bootle aliamuru Januari ya mwaka huo kwamba Charlayne Hunter na Hamilton Holmes wapokewe. Usiku wa tarehe 11, umati ulizunguka bweni la Hunter ukarusha matofali na mawe madirishani hadi polisi walipowatawanya kwa mabomu ya machozi. Waliosimamishwa masomo, eti kwa usalama wao, ni Hunter na Holmes. Ikabidi mahakama iamuru tena warudishwe. Wote wawili walihitimu mwaka 1963, Holmes akawa daktari wa mifupa na Hunter mwanahabari mashuhuri aliyefanya kazi kwa miaka mingi Afrika Kusini. Hata hivyo Mweusi wa kwanza kupata shahada hapo ni mwalimu wa muziki Mary Frances Early, mwaka 1962. Jina lake lilikaa kivulini kwa miongo mingi kabla ya kitivo cha elimu kupewa jina hilo mwaka 2020.

Katika miaka hiyohiyo ya 1960, chuo kilipohitaji mabweni, mji ulitumia mpango wa serikali kuu wa kuendeleza miji kubomoa Linnentown, mtaa wa familia za Weusi zipatazo 50. Walikuwa mafundi bomba, wapishi, wafuaji na wajenzi, wengi wakiishi katika nyumba zao wenyewe. Walilipwa kidogo, wakatawanyika, na juu ya viwanja vyao yakapanda mabweni marefu. Februari 2021 serikali ya Athens ilipitisha azimio la kukiri kosa hilo na kuomba radhi, baada ya watoto wa Linnentown, sasa wazee, kudai hadharani.

Maisha ya sasa ya mji hufuata kalenda ya chuo kama vile pwani inavyofuata misimu ya pepo. Agosti magari ya wazazi hujaa yakiwa na magodoro na majokofu madogo. Kuanzia Septemba hadi Novemba, Jumamosi ni za mpira wa miguu wa Kimarekani. Mchezo huo uliletwa na mwalimu wa kemia, Charles Herty, mwaka 1892, na uwanja wa Sanford ulifunguliwa mwaka 1929 kwa mechi dhidi ya Yale, mama wa chuo. Georgia ilishinda 15 kwa 0. Leo uwanja huo huchukua zaidi ya watu 92,000, idadi ambayo ni karibu robo tatu ya wakazi wa mji.

Karamu huanza asubuhi. Mahema mekundu na meusi hufungwa chini ya mialoni, nyama hufukizwa kwenye majiko nyuma ya magari, na familia moja hukaa palepale ilipokaa babu yao, kwani nafasi hurithiwa kimila ingawa ardhi ni ya umma. Nembo ya timu ni mbwa mweupe wa aina ya buldogi aitwaye Uga, wa ukoo mmoja tangu 1956. Hukaa pembeni ya uwanja kwenye kibanda chenye kiyoyozi, na akifa huzikwa ndani ya uwanja wenyewe. Timu ikishinda, watu hupanga foleni nyuma ya kanisa la zamani la chuo kuvuta kamba ya kengele, na mlio wake husikika hadi usiku.

Uwanja huohuo una kumbukumbu ya Afrika. Kwa ajili ya Olimpiki ya 1996 ua maarufu wa kijani unaouzunguka uling'olewa ili soka ipate nafasi, na tarehe 3 Agosti Nigeria iliifunga Argentina 3 kwa 2. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya soka kwa nchi ya Afrika, na ilichukuliwa Athens.

Meza ya mji nayo ina ya kumfanya Mwafrika ajione nyumbani. Uji mzito wa mahindi huliwa asubuhi kwa siagi. Majani ya jamii moja na sukuma wiki huchemshwa kwa saa nyingi, kwa kawaida na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na mchuzi wake huchovywa mkate wa mahindi. Bamia na kunde zilivuka bahari wakati wa biashara ya watumwa, na kunde na majani hayo ni chakula cha lazima siku ya Mwaka Mpya, kuomba neema ya mwaka. Katika mgahawa mdogo wa Weaver D's, mwenyeji alizoea kumjibu mteja aliyeagiza chakula kwa neno moja, "automatic", lenye maana ya "mara moja". Kaulimbiu ya mgahawa huo ikawa jina la albamu ya bendi ya R.E.M. ya mwaka 1992, Automatic for the People.

Bendi hiyo ni tunda la mji. Idara ya sanaa iliyojengwa na mchoraji Lamar Dodd ilivuta vijana wenye vipaji, nyumba kuukuu zilipangishwa kwa bei ndogo, na vyumba vyake vipana vilifaa kwa dansi. The B-52's walipiga mara ya kwanza kwenye sherehe ya nyumbani Februari 1977. R.E.M. walifuata tarehe 5 Aprili 1980, katika kanisa lililoachwa walimokuwa wakiishi baadhi yao. Mnara wake peke yake ndio uliobaki. Tangu hapo wanamuziki wamehamia Athens kama wavuvi wanavyofuata samaki, ingawa kodi ya nyumba iliyowaleta si ndogo tena.

Kupanda kwa kodi kuna sababu. Tangu 1993 bahati nasibu ya jimbo hulipia ada wanafunzi wenye alama nzuri, na vijana wengi waliokuwa wakienda mbali wakabaki Georgia. Chuo sasa kina wanafunzi zaidi ya 40,000. Mji na wilaya ya Clarke, vilivyounganishwa chini ya serikali moja mwaka 1991, vilihesabiwa kuwa na watu 127,315 mwaka 2020. Maghorofa ya wanafunzi yamemeza vitongoji vya zamani, huku wapishi, wafagizi na wafanyakazi wa viwanda vya kuku wakisukumwa pembezoni.

Kiswahili nacho hufundishwa hapo, katika programu iliyokuzwa na mwanaisimu Lioba Moshi kutoka Tanzania, na wanafunzi wake wamekuwa wakisafiri kwenda Tanzania kukisikia kwa wenyewe. Mwezi Mei, wakishavaa majoho, wao na wenzao hujipanga Broad Street mstari mrefu, wazazi wakiwa na kamera upande wa pili. Kila mmoja hungoja zamu yake, hupanda ngazi za katikati ambazo hajawahi kuzikanyaga, na kupita chini ya Tao.