Maji Yanaporudi Nyuma Bombani

Wahenga walisema maji hufuata mkondo, nasi walimu wa lugha tumeirudia methali hiyo darasani kana kwamba mkondo wenyewe haugeuki. Hugeuka.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika shule moja ya upili kuzungumzia fasihi. Uani niliona mpira wa maji umeunganishwa kwenye mfereji, ncha yake imezama katika pipa la maji ya kuoshea vyoo. Mara maji yakakatika, kama ilivyo ada ya mgao, na mfereji ukaachwa wazi.

Maji ya bomba husukumwa. Msukumo ukikatika, yaliyomo bombani huteremka kuelekea kwenye mabonde, na nyuma yake huvuta chochote kilichoguswa na mdomo wa bomba, mithili ya mtoto anyonyaye soda kwa mrija. Maji yakirejea, uchafu ule husukumwa hadi kwenye mfereji wa kunywea.

Mwaka 1969, katika chuo cha Holy Cross mjini Worcester, Marekani, wachezaji wa kandanda ya Kimarekani walikunywa maji uwanjani mwa mazoezi. Kumbe bomba lilo hilo lilihudumia vinyunyizio vya nyasi vilivyowekwa vishimoni, na maji yaliyotuama humo yalikuwa yamechafuliwa na watoto wenye homa ya ini. Moto ulizuka mjini, wazimamoto wakatumia maji mengi, msukumo ukashuka, uchafu ukanyonywa. Karibu timu nzima iliambukizwa. Baada ya mechi mbili tu msimu wao ukafutwa. Wasomaji wazingatie kwamba huko msukumo ulishuka kwa ajali. Kwetu hushuka kwa ratiba.

Kinga iliyo bora haina gharama: mdomo wa bomba usiguse maji. Mafundi huacha pengo la hewa lisilopungua mara mbili ya upana wa mdomo huo, wala milimita 25. Pengo likiwapo, bomba litanyonya hewa tupu. Ipo pia valvu ipitishayo maji upande mmoja, ila hukwama kwa kutu na mchanga. Asiyeikagua amenunua pambo. Na asitokee mtu wa kutuambia tuchemshe tu. Kemikali zilizonyonywa kutoka sinki la maabara haziondoki kwa moto.

Wanaisimu wenzangu yamkini watanidai istilahi. Mimi nasema "maji kurudi nyuma", maana mfagizi na mwalimu mkuu wote wataelewa.

Siku ile nilimwita mzee aliyekuwa akifagia, nikamweleza.

"Mwalimu," akanijibu, "mpira huu hulala humu miaka yote."

"Basi, mzee wangu, leo tuuamshe."

Tukautoa pipani, tukautundika msumarini, naye akaufunga mfereji kabla maji hayajarudi.