Kuchagua Njia ya Kupanga Uzazi

Katika vijiji vyetu tunaona mara nyingi jambo la huzuni. Mtoto anaachishwa maziwa mbele ya wakati, kwa sababu mama yake amebeba mimba nyingine. Anapewa bugali wa mihogo tu. Baada ya miezi michache miguu yake inavimba, nywele zinageuka nyekundu, hataki kucheza tena. Katika Kivu watu wanaita ugonjwa huu bwaki. Mama naye amechoka, damu yake ni kidogo, na kuzaa tena kutakuwa hatari kwake.

Wazee wetu walijua jambo hili. Katika makabila mengi mke alikaa mbali na mume mpaka mtoto atembee. Leo waganga wanafundisha vilevile: baada ya kuzaa, inafaa kungoja miaka 2 au zaidi mbele ya kubeba mimba nyingine. Kama mimba imeharibika, mngoje miezi 6.

Watu wanauliza: "Njia gani inapita zote?" Hakuna njia moja inayofaa watu wote. Hatunywi dawa ya jirani bila kujua kama ugonjwa wetu ni mmoja. Basi, ninyi mke na mume, mjiulize maneno haya.

1. Je, mama ananyonyesha? Kunyonyesha kunazuia mimba kama mambo matatu yako pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya mchana na usiku bila chakula kingine, na damu ya mwezi haijarudi. Jambo moja likikosa, mtafute njia nyingine upesi. Kinini cha namna mbili za dawa hakifai kwa mama anayenyonyesha mtoto chini ya miezi 6. Kiko kinini kingine kinachomfaa.

2. Je, mama anaweza kukumbuka kila siku? Kinini kinamezwa kila siku, saa ileile. Anayesahau anaweza kupata mimba. Sindano inadumu miezi 3. Kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono kinadumu miaka 3 au 5, kwa namna yake. Kitanzi cha shaba kinachowekwa ndani ya tumbo la uzazi kinaweza kudumu miaka 10. Njia hizi zinasaidia sana wale wanaokaa mbali na kituo cha afya. Lakini kijiti na kitanzi vinawekwa na kuondolewa na muuguzi aliyefundishwa, si na mtu mwingine.

3. Je, mnataka njia bila dawa? Kama damu ya mama inarudi kila mara kati ya siku 26 na 32, anaweza kuhesabu. Siku ya kwanza ya damu ni siku ya 1. Tangu siku ya 8 mpaka siku ya 19 wasilale pamoja. Njia hii inaomba mume mwenye kujizuia. Kama yeye hakubali, haitafaa.

4. Je, mama ana ugonjwa? Amwambie munganga pasipo kuficha. Mwenye damu inayopanda asimeze kinini cha namna mbili. Dawa moja ya kifua kikuu, rifampicin, inapunguza nguvu ya kinini na ya kijiti.

5. Je, kuna hofu ya ukimwi au ugonjwa mwingine wa zinaa? Katika njia hizi, mpira tu unakinga mimba na magonjwa haya pamoja.

6. Je, mmemaliza kuzaa? Mke au mume anaweza kufanyiwa operesheni. Ile ya mume ni ndogo kuliko ya mke, wala haimwondolei nguvu za kiume, lakini inaanza kufaa baada ya miezi 3. Msikubali operesheni kama mnafikiri siku moja mtataka mtoto tena.

Wengine wanasema sindano inafunga uzazi milele. Si kweli. Inabadili damu ya mwezi, na pengine mimba inakawia miezi kadhaa baada ya kuiacha, lakini uzazi unarudi. Mama akipata shida, arudi kwa munganga. Asiache njia moja pasipo kupata nyingine.

Ni vizuri mke na mume waje pamoja. Sheria ya afya ya inchi yetu ya mwaka 2018 inataka wote wawili wakubali njia. Lakini wasipopatana, inashika mapenzi ya yule ambaye njia itatumika katika mwili wake. Mume mwenye hekima asingoje sheria. Amsikilize mke wake, maana yeye ndiye anayebeba mimba na kupita katika hatari ya kuzaa.

Maswali ya kujibu nyumbani
Mtoto wetu wa mwisho ana miezi mingapi?
Tunataka kungoja miaka mingapi?
Siku gani tutakwenda pamoja kwa munganga?