Kwa nini tunasema "nilikuja" na si "nilija"?

Wiki iliyopita mgeni kutoka Hispania alitupigia simu studio akiwa Nyamisati, anasubiri boti ya Mafia. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, mpaka aliposema, "Nilija jana jioni." Nikacheka hewani. Yeye hakucheka. Akaniuliza: tunasema nilisoma, nilifika, nililala, sasa kwa nini si nilija? Nikakosa jibu, nikaweka muziki.

Jibu lipo, na lilikuwa deni langu kwake.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka "nilisoma", utausikia kwenye "so". Vitenzi vichache vina mzizi wa silabi moja tu: -ja, -la, -fa, -nywa, -wa. Ukisema "nilija", mkazo unaangukia "li", alama ya wakati uliopita, nayo haibebi mkazo. Kwa hiyo tunaiacha "ku" ya "kuja" ibaki mahali pake iubebe: nilikuja, nilikula, alikufa. Ni vivyo hivyo kwa nimekuja na nitakuja.

Alama nyingine zina nguvu za kutosha. "Ka" inabeba, ndiyo maana tunasema akaja. "Ki" inabeba: akija. Hata kiambishi cha mtendwa kinabeba, na hapa watu wa Rufiji mna mfano wenu: mamba alikula usiku, lakini mamba alimla mbuzi. Ile "m" imeingia, "ku" imeondoka.

Kwenye kukanusha ndiko wengi hudanganyika. "Ku" ya "sikuja" si ile ya "kuja". Hiyo ni alama ya kukanusha wakati uliopita, ileile ya "sikusoma". Ndiyo maana hatusemi "sikukuja".

Halafu kuna "alikwenda" na "alienda", ugomvi usioisha kwenye meseji zenu. Mzizi ni -enda, silabi mbili, hauhitaji msaada wa mtu. Lakini kwenda, pamoja na kwisha, vimezoea kutembea na "kw" yao. Zote mbili hutumika, na mimi simwelewi mwalimu anayempiga mtoto mkasi kwa kuandika "alienda".

Mgeni wetu naye anatoka kwenye lugha yenye vituko zaidi. Kwa Kihispania, kwenda ni "ir", lakini nilikwenda ni "fui". Tafuta herufi moja ya "ir" iliyobadilika kidogo tu, hutaipata vizuri: neno zima limeazimwa kutoka kitenzi cha kuwa, "ser", ambacho wakati wake uliopita pia ni "fui". "Fui a Mafia" ni nilikwenda Mafia, "fui maestra" ni nilikuwa mwalimu. Maneno ya jirani ndiyo yanayokuambia ipi ni ipi. Na Wahispania wenyewe huteleza. Kutembea ni "andar", nilitembea ni "anduve", lakini wapo wanaosema "andé", wakifuata kanuni ya vitenzi vya kawaida, kama yeye alivyofuata yetu akapata "nilija".

Juzi alipiga tena, safari hii kutoka Kilindoni, anataka kurudi bara. Nikamwomba radhi hewani, nikamuuliza kama amepata usafiri.

"Bado," akasema. "Boti haijaja."

Ja mbili, ya kwanza alama ya wakati, ya pili kitenzi chenyewe, na "ku" hakuiweka.