Plastiki Si Kioo

Mwenye kusimama gatini alfajiri, boti zinapojitayarisha kuondoka, hakosi kumwona baharia akipanda mbele na kitambaa kikavu mkononi, akisugua kwa nguvu kile kioo cha mbele ya usukani mpaka chumvi ya jana itoke. Kazi hiyo huonekana kuwa ni bidii, na pengine nahodha humsifu. Sisi tunaiona kuwa ni hasara, tena yenye hatari ndani yake.

Katika boti nyingi ndogo, tunachokiita kioo si kioo. Ni plastiki angavu: ama akriliki, iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1930, ama polikaboneti, iliyopatikana mwaka 1953 katika maabara za Ujerumani na Marekani. Ni nyepesi, na polikaboneti hasa haivunjiki upesi. Ndiyo maana imetumika pia katika taa za mbele za takriban magari yote ya siku hizi na katika vioo vya usoni vya helmeti za bodaboda. Walakini plastiki hizo ni laini kuliko kioo. Chumvi iliyokauka, ikichanganyika na mchanga na vumbi la barabara zetu, haina tofauti na msasa.

Mchana mikwaruzo hiyo haimshughulishi mtu. Lakini jua likiwa chini, au taa ya gari ikija mkabala usiku, kila mkwaruzo hutawanya mwanga, na mbele yote hugeuka ukungu mweupe. Ndani ya ukungu huo yumo mvuvi katika ngalawa isiyo na taa.

Hapana budi maji yatangulie kitambaa. Yamwagwe maji matamu mengi mpaka chumvi na mchanga viteremke vyenyewe; kisha ipitishwe sabuni laini ya vyombo iliyozimuliwa, kwa mkono au kwa kitambaa laini cha pamba, pasipo kugandamiza; kisha maji tena. Kazi ifanyike kivulini, kwani juani sabuni hukauka kabla ya kusuuzwa. Mapazia ya plastiki nyororo yanayofungwa ubavuni mwa boti yaoshwe vivyo hivyo, na yaviringishwe, yasikunjwe.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni petroli. Wako wanaopangusia taa na helmeti kwa petroli au thina ili kuondoa grisi. Plastiki hung'aa kwa muda. Baadaye hutokea nyufa nyembamba mfano wa nywele, hasa kuzunguka matundu ya skrubu ambako imebanwa, na nyufa hizo hazitengenezeki. Kwa helmeti ubaya huzidi. Gamba la helmeti nyingi za bei nafuu ni la plastiki, na petroli yaweza kulidhoofisha bila ya mwenyewe kuona alama yoyote kwa nje. Siku ya kuanguka ndipo atakapojua. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia nazo ziwekwe mbali. Kadhalika mikono iliyopakwa dawa ya mbu, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hushambulia plastiki.

Ama taa zilizogeuka manjano, hizo zimeunguzwa na jua baada ya utando wao wa kinga kuchakaa. Kusugua kwa dawa ya meno, kama wafanyavyo vijana wengi, huzirudishia weupe wa muda mfupi tu. Zisipopakwa kinga mpya umanjano hurejea.

Kwa maofisa wenye dhamana ya magari na boti za Serikali tuna ombi dogo. Mtungi wa maji matamu na vitambaa vya pamba viwemo katika orodha ya vifaa vya kila chombo, kama yalivyomo makoti ya kuokolea. Na petroli ipigwe marufuku katika kazi ya kuosha. Tunajua kwamba visiwani maji matamu ni adimu, lakini ndoo moja kwa siku haiwezi kulinganishwa na bei ya kioo kipya, ambacho aghalabu huagizwa kutoka nje na kusubiriwa. Wakaguzi nao, wanapozitazama taa kama zinawaka, watazame pia kama zinapitisha mwanga. Vioo vilivyokwisha kufifia vibadilishwe kabla ya masika kuingia.