Je, Wajua? Ngazi Tatu, Mita Tano na Ushee

Kukagua kama jengo linafikika kwa mtu mwenye ulemavu ni taaluma yenye mafunzo na mitihani yake. Mkaguzi haridhiki kuona mteremko mlangoni. Anatoa tepu na pimamaji. Kanuni inayotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu wa mteremko. Kwa mfano, jengo la Kasekese, Katavi, lenye ngazi tatu za sentimita 15 litahitaji mteremko wa mita 5.4; mteremko mfupi wa zege, mkali kama paa, haumsaidii mwenye kiti mwendo. Mlango hupimwa upana ukiwa wazi: walau sentimita 80. Chooni (mimi ningeanzia huko) inatakiwa nafasi ya kugeukia, sentimita 150. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka wahusika wapewe mafunzo ya ufikikaji.