Taabu za Kuizoea Kompyuta ya Baiskeli

Watu wengi wanunuao kompyuta ya baiskeli kwa mara ya kwanza huichukulia kama saa ya mkononi, yaani chombo kinachotoka dukani kikiwa tayari kinaijua kazi yake, na ambacho mwenyewe hana la kufanya ila kukifunga kwenye usukani na kukitazama. Na dhana hiyo, ingawa ni ya kawaida wala haina aibu, ndiyo chimbuko la takriban taabu zote zitakazomfika katika majuma ya mwanzo. Chombo hiki hakijui kitu mpaka kiambiwe, na lililo zito zaidi ni kwamba hakisemi ni kitu gani hakijaambiwa. Kikikosa habari fulani hakinyamazi, bali huendelea kuandika hesabu zake, na hesabu ya makosa hutokea kwenye kioo kwa rangi ileile na ukubwa uleule wa hesabu ya kweli, hata mwenye baiskeli akawa hana namna ya kubaini ipi ya kuaminiwa na ipi ya kuachwa.

Hapo kale haikuwa hivi. Curtis Veeder wa mji wa Hartford, Marekani, alipobuni kihesabio chake cha mizunguko ya gurudumu mwaka 1895, kilikuwa chombo cha chuma kisicho na kazi ila moja: kijipini kilichofungwa kwenye spoki kiligonga kigurudumu chenye meno, na masafa yakaongezeka tarakimu baada ya tarakimu. Katika miaka ya 1980 vikaenea vile vya umeme, vyenye sumaku ndogo kwenye spoki na swichi kwenye uma wa mbele, navyo viliuliza swali moja tu, ukubwa wa gurudumu. Leo kisanduku kieneacho kiganjani kimekusanya ndani yake kipokezi cha setilaiti, kipimio cha kanieneo ya hewa, redio mbili, ramani na daftari la safari, na kila kimoja kati ya hivyo kina maswali yake kwa mwenye baiskeli.

Tuanze na swali lile la zamani, kwa kuwa lingalipo kwa kila atumiaye kihisi cha gurudumu. Tairi la milimita 700 kwa 25 huandikwa vitabuni kuwa na mzingo wa milimita 2105, na la 700 kwa 28 kuwa na 2136. Tofauti yao ni kama moja na nusu kwa mia, nayo huonekana ndogo mpaka mtu amalize safari ya kilomita 100 na kukuta kilomita moja na nusu imezidi au imepungua pasipo sababu. Nilimtazama fundi mmoja wa Kariakoo, mtu wa makamo na mwenye utaratibu, akimpimia kijana gurudumu lake. Kwanza alijaza upepo kwa kiasi kilekile ambacho kijana amezoea kukitumia barabarani, kisha akaizungusha valvu ikaja chini kabisa, akapiga mstari wa chaki sakafuni mkabala nayo, na kijana alipotaka kuisukuma baiskeli kwa mkono akamzuia.

“Kaa juu yake, mwanangu, kama unavyokaa ukiwa njiani. Tairi likibanwa na uzito wako hupungua kimo.”

“Lakini mzee, kitabu kimesema 2136.”

“Kitabu hakiujui uzito wako.”

Baiskeli ikasogezwa taratibu hadi valvu iliporudi chini mara ya pili, fundi akapiga mstari mwingine, akakunjua futi ya waashi, kwa maana ile ya washonaji haifiki mita mbili, na kipimo kikatoka milimita 2118. Ndicho kilichoingizwa kwenye kompyuta. Kazi yote haikuzidi muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na tangu hapo chombo kile kilikuwa na jambo moja la hakika la kusimamia. Zipo kompyuta za siku hizi zinazojipimia gurudumu zenyewe kwa kulinganisha na setilaiti, lakini nazo hukisia kwanza ndipo zisahihishe, na kisio hilo la mwanzo ndilo liwatialo watu wasiwasi.

Taabu ya pili hutoka mbinguni. Setilaiti za GPS, zinazoizunguka dunia kwa kimo cha takriban kilomita 20,200, hutangaza habari zake polepole mno kwa mizani ya leo, biti 50 kwa sekunde. Habari za njia ya setilaiti moja hurudiwa kila baada ya sekunde 30, na orodha ya setilaiti zote huchukua dakika kumi na mbili na nusu kukamilika. Mahali pa mtu hapajulikani mpaka kipokezi kisikie setilaiti nne: tatu za mahali penyewe, na ya nne ya kusahihisha saa, kwa sababu kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Basi mtu aliyetoa chombo kipya sandukuni, akakiwasha chini ya bati la kibaraza, akapanda baiskeli na kuondoka papo hapo, anakidai jambo lisilowezekana. Na mstari wa safari yake utakapoonekana ukikata juu ya mapaa ya majirani ataona ameuziwa kitu kibovu. Dawa yake ni subira ya dakika chache mahali peupe, baiskeli ikiwa imesimama, na siku zifuatazo kungoja huko hupungua sana, maana chombo kinakumbuka kiliyoyasikia. Na tuutaje uungwana wa zama zetu: hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikizitia ishara hizi kosa la makusudi, lililoweza kumpoteza raia kwa mita zipatazo mia, na lau kosa hilo lisingaliondolewa, kompyuta ya baiskeli yenye ramani isingalikuwa na maana.

Lakini hakuna kiwatatizacho watu wa pwani yetu kuliko kimo cha mlima. Vyombo vingi vya daraja ya kati na ya juu havitegemei setilaiti katika jambo hili, kwa kuwa setilaiti hukosea zaidi katika kimo kuliko katika masafa ya ardhini. Hutumia kanieneo ya hewa, ambayo karibu na usawa wa bahari hupungua milibari moja kwa kila mita nane hivi za kupanda. Hapo ndipo fumbo linapojitokeza, kwa sababu kanieneo haibadilishwi na mlima peke yake. Katika nchi za karibu na ikweta, jua lipashapo anga joto huifanya hewa ipande na kushuka kama maji ya bahari, mara mbili kwa siku, ikijaa mnamo saa nne asubuhi na usiku, na kupwa mnamo saa kumi alasiri na alfajiri, na tofauti ya kujaa na kupwa hufika takriban milibari tatu. Tafsiri yake barabarani ni kwamba mtu wa Nyali aondokaye kwake saa nne asubuhi akaenda Kilifi na kurejea saa kumi, anaweza kuambiwa na kompyuta yake kwamba nyumba yake imepanda mita 20 na zaidi tangu alipoiacha, ilhali chombo ni kizima na hewa ni shwari. Vitabu vya maelezo huonya juu ya dhoruba na mabadiliko ya hali ya hewa, lakini si vyote vilivyoandikwa kwa kumfikiria mtu ambaye hewa yake hubadilika kila siku ya Mungu kwa saa zilezile. Ajuaye hili atakiambia chombo kimo cha mlango wake kila aanzapo safari, kwani vingi vina nafasi ya kuweka habari hiyo, tena atakiangalia kitundu kidogo cha kipimio cha hewa, ambacho jasho, matope au chumvi vikikiziba, milima yote hugeuka tambarare.

Wala jambo hili si dogo kwa wapandao milima. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali mnamo Septemba 2025, mbio za barabarani za wanaume zilipita kilomita 267, na milima yake ikijumlishwa ilizidi mita 5,000. Na ni hesabu hiyo ya pili, kuliko ile ya kwanza, iliyowafanya watu washike vichwa. Kijana wa Iten au wa Arusha ajiandaaye kwa mashindano ana haki ya kuijua hesabu ya milima yake kwa usahihi.

Kisha kuna vihisi visivyo na waya, vya mapigo ya moyo, vya mwendo wa pedali, na vya nguvu ya miguu, ambavyo huzungumza na kompyuta kwa redio za namna mbili, ANT+ na Bluetooth. Malalamiko ya kawaida kabisa ni kwamba kihisi kizima hakionekani, na sababu yake aghalabu ni moja: mwenyewe alikwisha kukiunganisha na simu yake kwa Bluetooth, na vihisi vingi kwa njia hiyo husikilizana na chombo kimoja au viwili tu kwa wakati mmoja, hivyo simu iliyo mfukoni imekishikilia na kompyuta inaita bila kujibiwa. ANT+ haina kizuizi hicho, kwani hutangaza kwa yeyote asikilizaye; lakini uhuru huo nao una lake, maana anayeunganisha vihisi katikati ya kundi la wenziwe anaweza kurudi nyumbani na mapigo ya moyo wa mwingine. Kazi hiyo ifanywe faraghani, simu ikiwa imezimwa.

Vioo vya kugusa navyo, vikiloa jasho au mvua, huona vidole mahali pasipo kidole. Wenye kuendesha masika wachague chombo chenye vitufe. Nayo kazi ya kujisimamisha yenyewe, inayokata saa kila baiskeli isimamapo, huupandisha wastani wa mwendo kwa wakaao kwenye foleni za mjini, na mtu akilinganisha na safari ya mwenziwe aliyeizima, ugomvi hauna mwisho.

Yamebaki maswali ya mwili: uzito, umri, na mapigo ya juu kabisa ya moyo. Usipokijibu hili la mwisho, chombo hutoa umri katika 220 na kuendelea, na kanuni hiyo ni ya wastani wa watu wengi. Mtu mmoja mmoja aweza kutofautiana nayo kwa mapigo kumi au zaidi. Nimewaona watu wazima wenye afya njema wakishuka baiskeli kwa hofu kwa sababu kioo kimewaka rangi nyekundu, na kilichowaka si moyo wao bali ni hesabu ya kukisia ambayo hawakuambiwa kuwa ni ya kukisia.

Ndiyo maana nashikilia kwamba lawama ya taabu hizi isiwekwe mabegani mwa mnunuzi. Vyombo nilivyovishika mimi havikuwa na Kiswahili miongoni mwa lugha zake, na muuzaji aliyepokea fedha nyingi kwa kisanduku kidogo hana budi kukitimiza kabla ya kukikabidhi: apime gurudumu kwa chaki mteja akiwa juu ya baiskeli, akitoe chombo nje kikasikilize setilaiti, aweke kimo cha nyumbani kwa mteja, aunganishe vihisi mbali na vya wengine, aulize uzito na mapigo, na yale asiyoweza kuyajaza ayafute yasionekane kwenye kioo. Ukurasa wa kwanza ubaki na mambo matatu, mwendo, masafa na saa, na kurasa nyingine zifunguliwe moja moja, kila mwenyewe atakapoona haja yake.